Kompyuta Iliyobaki Jumapili ya Matawi

Karisa alinijia pale kwenye matanga ya Mama Nyevu akiwa na sahani ya wali mkono mmoja na paja la kuku mkono wa pili, akanisalimia kwa bashasha isiyokuwa ya msibani, na papo hapo nikajiuliza huyu anataka nini kwangu. Ndivyo nilivyo. Wanangu husema mama yao akiambiwa "habari za asubuhi" hutazama kwanza nyuma ya mlango, nami huwaambia waache maneno, mlango wenyewe waufunge. Karisa amenenepa siku hizi, upara umemwingia, lakini sauti ni ile ile ya kutaka kusikika mpaka kwa jirani. "Si wewe Mbodze? Mbodze wa kompyuta ya Mikindani!" Akawageukia watu waliokaa kwenye viti vya plastiki, akaanza kuwasimulia kisa kile kwa kicheko: ati zamani kulikuwa na diski ya bure iliyobandikwa kwenye jarida, ati kompyuta ikapotewa na siku, ati sote tulikuwa washamba tukaogopa bure. Sote! Watu wakacheka, maana hata matangani watu hutafuta pa kuchekea. Mimi sikucheka. Nilimtazama anavyotafuna, anavyonyonya mfupa, anavyoomba aongezwe mchuzi, nikakumbuka kwamba huyu huyu ndiye aliyesimama sebuleni mwa marehemu akasema, mbele ya mwinjilisti na mbele yangu mimi, kwamba chakula cha mwanamke huyu kimeua mtu. Nikamwambia, "Kula, Karisa, kula ushibe," nikaenda zangu uani kabla ulimi haujaniponyoka.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, Mama Nyevu ameniajiri nipige taipu na nilale kwake. Nilikotoka na kilichonitoa si habari ya leo. Nyumba yake pale Mikindani ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, karibu kiasi kwamba malori ya makontena yakipita kutoka bandarini Kipevu vikombe vilikuwa vikilia kabatini. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi, na ndiyo ilikuwa darasa. Aliigawa kwa pazia la maua. Upande wa mlango kulikuwa na taipureta mbili za chuma za kufundishia, printa, na kompyuta moja nzito yenye kisogo kikubwa, ambayo jioni aliifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama alivyofunika redio na jagi la maji. Upande wa ndani kulikuwa na meza ya kulia chakula. Mimi nikikaa kwenye kompyuta nilisikia kila neno la mezani, na waliokuwa mezani walisahau kwamba pazia si ukuta. Mama Nyevu alikuwa mjane, mzito wa mwili na wa hatua, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Uongo hakuuvumilia hata wa mzaha. Ukimwambia umeshaoga nawe hujaoga, alikuja akakunusa. Wasichana waliokuja kujifunza walimpenda, nami nilimpenda, lakini moyoni nilikuwa nikijisemea kwamba mtu hawezi kuwa mwema namna ile saa zote, lazima ana pake anapojificha.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku kubwa ya nyumba. Wote walikwenda kanisani, mimi nikabaki kupika, kwa sababu baada ya ibada watu walipitia pale kula: wali wa nazi, kuku akipatikana, mbaazi, na sufuria ya mchunga, yale majani machungu ya kwetu, yaliyopikwa kwa tui mpaka uchungu ukalegea kidogo. Mgeni asiyekosa alikuwa Mzee Katana, mzee wa kanisa, aliyelinda lango huko Kipevu mpaka akastaafu, akabaki kwenye chumba chake cha kupanga Mikindani. Mkewe, Bi. Jumwa, alikuwa akikaa Utange kwenye shamba lao, na kati ya Utange na Mikindani kuna kisiwa kizima na foleni zake. Basi mume wa mtu alikula mchana wa Jumapili kwa mjane, wiki nenda wiki rudi, akasifu mchunga, akalala kitini, akaamka akanywa chai. Watu walikuwa na la kusema. Mimi pia nilikuwa na maswali yangu, lakini nilikuwa nikila kwake, nikayameza pamoja na wali.

Jumapili ya Matawi ya mwaka ule Mzee Katana alikuja na Karisa, mtoto wa ndugu yake, kijana aliyekuwa karani kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini, na aliyekuwa amesoma kompyuta, jambo ambalo alihakikisha tunalijua kabla hajakaa. Mezani kulikuwa bado na misalaba midogo ya makuti waliyotoka nayo kanisani. Karisa akaisukuma pembeni, akaweka jarida nene la kompyuta alilolinunua mjini kwa wauza vitabu vya mitumba, jarida la kung'aa, na kwenye jalada lake diski imebandikwa ndani ya kimfuko cha plastiki. "Hii ndani yake ina mwalimu wa taipu," alisema. "Mwanamke anasema nawe, anakusahihisha, na ukiwa hodari kuna gari linakimbia kwenye kioo." Mama Nyevu akaigeuza ile diski, akajiona uso wake ndani. "Kiasi gani?" "Bure, Mama. Inakuja na jarida." "Bure ya namna gani? Nani huyo wa kukupa kitu bure?" "Siku thelathini tu. Zikiisha inajifunga mpaka uinunue huko Ulaya." "Nayo inajuaje kwamba zimekwisha?" Karisa akacheka na chakula mdomoni. "Inatazama saa ya kompyuta, Mama. Mashine haina akili. Ukiiambia leo ni juzi, inakubali." Mzee Katana naye akacheka, akanyoosha sahani aongezwe mchunga, na baada ya kula Karisa akaitia diski mle mashineni, sote tumesimama nyuma yake, na sauti ya mzungu ikatukaribisha Mikindani.

Yule mzungu wa kwenye diski alituletea watu. Wasichana walikuja kutoka Changamwe, wengine kutoka Jomvu, wakaziacha zile taipureta za chuma na kupanga foleni ya kompyuta, wakicheka kila gari lilipogonga ukingo. Mwezi ukaisha. Nilingoja mwalimu anyamaze, wala hakunyamaza. Ukaisha wa pili. Nikamuuliza Mama Nyevu mbona diski haijajifunga, akanijibu, "Mungu ni mwema," akaondoka, na jibu lile sikulipenda. Tena kulikuwa na amri mpya nyumbani: asubuhi hapana mtu wa kuiwasha kompyuta ila yeye. Ati mashine ni kama mtu, yataka kuamshwa polepole. Kila alfajiri, nikiwa kwenye kichumba changu cha stoo kati ya magunia ya mkaa na masufuria makubwa ya kanisa, nilisikia kile kiwimbo inachokitoa ikiamka, halafu kimya, halafu kandambili zake zikija. "Mbodze!" "Abee, Mama." "Amka tusali." Nikifika sebuleni, mashine imewaka. Nikajiuliza anaandika nini alfajiri yote ile, na anamwandikia nani. Jina lililonijia lilikuwa moja tu, la mwenye sahani ya mchunga. Tarehe ya kompyuta sikuwahi kuitazama. Pembeni ya kioo ilionyesha saa tu, na barua za wateja nilizitia tarehe mwenyewe, kutoka kalenda ya ukutani.

Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, Mzee Katana alianguka bafuni akioga, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda. Hospitali walisema presha. Jumapili iliyotangulia alikuwa amekula kwetu. Wasifu wa marehemu niliupiga mimi, Mama Nyevu amekaa ubavuni pangu ananitajia maneno, kila aya mbili anajifuta macho kwa ncha ya leso: alizaliwa, akabatizwa, akafanya kazi, ameacha mjane na watoto. Tulichapisha, akazikwa Utange, na haikupita muda nikaanza kusikia minong'ono nyuma ya pazia. Siku moja wanawake wawili walikuwa wakingoja kadi zao. "Jumapili alikula wapi?" "Kwani hujui? Pale pale." "Ala!" "Mchunga ni mchungu, mwenzangu. Ndani ya uchungu ule utaonja nini tena?" Nilikohoa. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya asali kama mama hajambo.

Hanga la pili, yale matanga ya kumalizia ya kwetu, lilipokaribia, Karisa alikuja kuongeza maneno kwenye ule wasifu ili uchapishwe upya. Mama Nyevu alikuwa sokoni. Akakaa kwenye kompyuta bila kuniuliza, kwa kuwa yeye ndiye msomi, akalitafuta faili, akabonyeza hiki na kile kunionyesha kwamba anajua zaidi ya kufungua na kufunga, mara mkono ukasimama. "Mbodze, hii uliiandika lini?" "Kesho yake baada ya kufariki." "Muongo." Akaniita nione tarehe iliyoandikwa kwenye faili. Akainuka akaifunua kalenda nyuma, mwezi baada ya mwezi, akaweka kidole. "Hii ni Jumapili ya Matawi." Akaligeukia pazia, uso umempauka. "Siku hii ami yangu alikuwa amekaa pale anakula. Nilikuwepo. Na humu ndani, siku hiyo hiyo, mtu ameshaandika kwamba amekufa na ameacha mjane!" Akatoka hata mlango hakuufunga. Nami nikabaki nimesimama. Vidole vyangu vilijua kwamba viliandika yale maneno mwezi wa nane. Lakini kompyuta ilikuwa inasema vingine, na wakati ule tuliamini kompyuta kuliko vidole vyetu. Halafu likanijia wazo baya: kwani yeye si ndiye aliyenitajia kila neno, bila kusita, kana kwamba analisoma? Je, kama alikuwa ameshauandika mwenyewe, alfajiri zile? Aliporudi kutoka sokoni na fungu la mchunga kwenye kikapu nilimwambia tumbo linanisokota, nikashinda na chai kavu.

Karisa hakukaa na neno lile hata usiku mmoja. Kanisani likafika, Kipevu likafika, likavuka kisiwa likafika Utange: kwa mjane wa Mikindani kuna mashine inayoandika watu kabla hawajafa. Sisi ni Wakristo, tunasali, tunaimba, lakini jamani, tusidanganyane. Kule mashambani kwetu mwanamke mwenye mvi akishanyooshewa kidole cha uchawi hana usingizi tena. Wapo waliohama usiku wakaacha mihogo shambani, na wapo waliochelewa kuhama. Ikaletwa habari kwamba Jumamosi watakuja, Karisa na mwinjilisti na mke wa marehemu, kumuuliza. Mama Nyevu alinitaka nimweleze kila kitu Karisa alichokiona, nikamweleza. Nilitegemea atapiga kelele, ataapa, atalia. Alikaa tu mezani, mkono shavuni, akasema, "Basi." Kimya kile kilinitisha kuliko maneno ya Karisa. Mtu asiye na hatia, niliona mimi, angepiga kelele mpaka bati liruke.

Alfajiri iliyofuata nilipokisikia kile kiwimbo nilitoka stoo bila kandambili, nikasimama nyuma ya pazia. Alikuwa amejifunga leso, miwani imeteremka puani, mausi imepotea chini ya kiganja chake. Ameifungua saa ya kompyuta. Anairudisha nyuma mwezi mmoja mmoja, midomo inakwenda, mpaka akafika alipotaka, akabonyeza, akafumba macho akasema, "Nisamehe, Baba." Nikalivuta pazia. Aliruka kitini. "Wewe! Unanichungulia?" "Nakuchungulia, Mama, ndiyo. Unafanya nini?" Alinitazama sana, kisha akavua miwani. "Siku zilipokwisha ile diski ilijifunga," alisema. "Nikaona wasichana watarudi makwao. Nikakumbuka neno la Karisa. Nikasema nitaidanganya mara moja tu, nairudisha siku ile tuliyoitia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo." Mungu wangu! Nikamsogeza, nikafungua mafaili yote ya tangu siku thelathini zilipokwisha: mitihani ya shule, kadi za harusi, barua za kuomba kazi, maombi ya plani za nyumba, miezi mizima ya jasho langu, kila moja imeandikwa Jumapili ya Matawi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa ile raha ya kujua kwamba naweza kula tena mle ndani. Yeye hakucheka. "Waambie basi!" nikamwambia. "Ni neno moja tu!" "Niwaambie nini, Mbodze? Kila Alhamisi nawafundisha akina mama uaminifu, na kila alfajiri naidanganya mashine kabla ya sala?" "Lakini Mama, wanasema umeua!" "Hilo ni uongo, na Mungu analijua," alisema. "Hili lingine ni kweli."

Jumamosi walikuja alasiri. Niliweka chai na mahamri, hapana aliyegusa. Mwinjilisti alikaa katikati, Karisa alikataa kiti, na Bi. Jumwa, mwanamke mwembamba aliyevaa nyeusi tupu, alikaa karibu na mlango, akaitikia salamu yangu, "Marahaba." Macho yake yalikuwa yakizunguka tu ile sebule, kwenye meza, kwenye viti, kama anayetafuta kiti kipi kilikuwa cha mumewe. Karisa akasema yake yote. Akasema chakula cha humu kinaua, akasema na ushahidi upo, mashine haijui kusema uongo. Mwinjilisti akamuuliza Mama Nyevu ana la kujibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, akaninyamazisha kwa mkono. Akainuka, akaenda kukaa kwenye kompyuta. "Mimi ni mwizi," alisema. Mwinjilisti akashtuka. "Mwizi wa nini, Mama?" "Wa mwalimu wa taipu." Akawaeleza, polepole, diski, siku thelathini, saa, kila alfajiri, na jinsi alivyojua kwamba ni dhambi akaendelea. Nilimwonea uchungu, wallahi, ingawa kwetu hatuapi hivyo. Alikuwa akisema kama anayevuliwa nguo.

Karisa hakukubali. "Maneno tu hayo. Unajitetea." "Sawa," akasema Mama Nyevu, "njoo utazame." Akaifungua saa mbele yao, akaipeleka mbele badala ya nyuma, mpaka Jumapili ya Matawi ya mwaka unaokuja. Akafungua karatasi mpya, na kwa vidole viwili, maana kufundisha alijua lakini taipu yenyewe ilimshinda, akaandika: Wasifu wa Marehemu Karisa. Akaihifadhi, akabonyeza kama Karisa alivyobonyeza, ikatokea siku ile ya mwakani. "Unaona? Nimeshakuzika. Sasa ngoja mwakani tuone kama ni mashine inayoua." Loo! Karisa aliirukia ile mausi kama amekanyaga kaa la moto. "Futa! Mama, nakusihi, futa hiyo kitu!" "Mbona waogopa? Si unajua kompyuta?" "Futa, Mama Nyevu, tafadhali, futa!" Mwinjilisti mwenyewe alisimama akashika Biblia kifuani. Mama Nyevu akafuta, lakini Karisa alitaka kujua imefutika kabisa au imejificha tu, akauliza mara tatu, na nimeambiwa na mkewe kwamba Jumapili ya Matawi iliyofuata alishinda kitandani amejifunika shuka mpaka jua likazama. Leo anacheka.

Nilidhani yameisha. Kumbe nilikuwa mtoto. Mwinjilisti alimsafisha Mama Nyevu na tuhuma ya uchawi na papo hapo akamwambia apumzike uenyekiti kwa sababu ya udanganyifu, naye akakubali. Na huko nje kisa kiligeuka kikawa kibaya zaidi. Mwanzo walisema ana mashine inayojua siku za watu. Sasa walisema, na mashahidi wapo, kwamba anaweza kuzisogeza siku mbele na nyuma kwa mkono wake. Wasichana wakaacha kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri. Mama Nyevu aliiondoa ile diski na mafundisho yake yote, akairudisha saa ya kompyuta mahali pake, akaapa mbele yangu kwamba hataigusa tena. Sebule ikawa kimya, ukisikia malori tu. Mimi nilikaa, lakini nisijifanye shujaa, nilikaa nikitega sikio kila alfajiri.

Jumapili ikafika akasema nipike kama kawaida. Nikamwuliza tunampikia nani, akasema, "Pika." Alirudi kanisani peke yake, akaketi mezani na nguo zake za kanisani, tukangoja. Wali ukapoa. Mchunga ukashika utando juu. Ndipo nikasikia hodi, na aliyeingia ni Bi. Jumwa, peke yake, vumbi la Utange bado miguuni. Walisalimiana kama watu wa kanisa wanavyosalimiana, habari za kwako, njema, za watoto, njema. Mama Nyevu akampakulia. Bi. Jumwa akaitazama ile sahani, mikono kaiweka magotini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati nikiitazama mikono yake, kwa maana nilijua yule mwanamke akiondoka bila kula, habari hiyo itatangulia kufika Utange kabla yake, na hapo hapana Biblia wala kompyuta itakayomwokoa Mama Nyevu tena. Kisha Bi. Jumwa akasema, "Ile siku unayoiweka. Iweke."

Mama Nyevu hakuelewa, au alijifanya. "Nimeshaacha, dada. Nimeapa." "Najua. Iweke mara moja tu niione. Siku hiyo mimi nilikuwa shambani." Mama Nyevu alinitazama mimi, akaitazama sahani ambayo haijaguswa, akainuka. Tukapita pazia. Akakaa, akaifungua saa, akairudisha nyuma mwezi mmoja mmoja, na safari hii hakuomba msamaha kwa mtu. Jumapili ya Matawi ikatokea kwenye kioo, saa nane na dakika zake, na vile visekunde vikawa vinakwenda. Bi. Jumwa aliinama akasogeza uso karibu, mpaka mwanga wa kioo ukampiga machoni. Hakugusa kitu. "Saa hii alikuwa hai," alisema. "Alikuwa hai, dada." "Alikuwa anafanya nini?" "Anakula." "Mezani pale?" "Pale." Nilidhani sasa atauliza lile swali ambalo watu wote walikuwa nalo, nami nilikuwa nalo, na nikatamani kutoka nje, lakini miguu ilikataa kwa sababu nilitaka pia kusikia jibu. Akauliza, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Alikuwa anakusema wewe," Mama Nyevu alijibu. "Mimi? Ananisema nini?" "Kwamba mchunga wangu haufikii wako. Kwamba mimi nazidisha tui." Nilimtazama. Nilikuwepo Jumapili ile. Mimi ndiye niliyemwongeza Mzee Katana mchunga kwa mkono wangu, na sikumsikia akisema neno kama hilo, wala siku hiyo wala siku nyingine. Labda alisema nikiwa jikoni. Labda. Mama Nyevu hakunitazama, na mimi niliufunga mdomo wangu, na nimeufunga mpaka leo nilipoandika haya. Bi. Jumwa alikaa akitazama zile dakika mpaka machozi yakamdondokea kwenye leso, asiyafute. Kisha akainuka, akalivuta pazia mwenyewe, akarudi mezani, akanawa mikono, akaivuta sahani. Akachota mchunga na wali uliopoa, akatia mdomoni, akatafuna polepole, mimi na Mama Nyevu tumesimama kama watu wanaongoja hukumu, akameza.

"Kweli," alisema. "Tui limezidi." Akachota tena.